Sauti ya Mama Niliyoiita Mbovu

Singida

Mdogo wangu mpendwa Tumpe,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa nyumba yako pale Ikombe. Mguu umepona, au bado unachechemea ukipanda kutoka ziwani? Na shemeji, kifua kimemwachia? Mimi sijambo, isipokuwa macho. Mwanangu Atupele na mumewe wananitunza kuliko ninavyostahili.

Ujumbe wako niliupata. Unaomba sauti ya mama, ile niliyoirekodi uani akigombania bei na wanunuzi wa vyungu, ili sote tuisikilize siku ya kujengea kaburi lake. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzeje. Sauti hiyo haipo tena, Tumpe. Nimeifuta mwenyewe.

Kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Nilikuwa naiwasha, nanyoa ndevu, narudi, bado haijawaka. Kisha diski yake ikaanza kugonga ndani kama ukucha juu ya bati. Atupele akanipeleka kwa fundi, binti mchangamfu mwenye duka karibu na soko.

"Shikamoo babu. Diski hii inakufa," alisema. "Tuhamishe mfumo kwenye SSD, diski mpya ya kasi. Itawaka kabla hujavaa miwani."

"Miwani siivui."

Alicheka. "Basi itawaka kabla hujanigombeza. Ila SSD yenyewe ni ndogo kuliko diski yako. Mfumo utaingia wote, mafaili punguza."

Unaikumbuka likizo ile niliyokuja na kinasa sauti. Siku ya kwanza mama alizungumza uani huku akifinyanga. Kuku walilia, udongo ulipigwa makofi, naye aliacha maelezo katikati ili apatane bei na watu wa mtumbwi, akicheka na kusema "ndaga, ndaga" walipolipa. Niliona kazi imeharibika. Kesho yake nilimketisha ndani, nikafunga mlango, akaanza upya. Sauti za ndani niliziweka katika folda niliyoiita Safi. Za uani niliziweka katika folda niliyoiita Mbovu.

"Na hii Mbovu, babu?" fundi aliuliza.

"Jina lake linatosha. Iache."

"Basi diski ya zamani nikuwekee kwenye kasha, uwe unaichomeka kama flashi?"

"Ifute. Ina mitihani na siri za wanafunzi wangu."

"Nikiifuta kabisa hairudi, babu."

"Nimekwisha kusema." Nikasimama pale mpaka alipomaliza.

Ujumbe wako ulipofika, nilifungua ile Safi. Kompyuta iliwaka upesi kama alivyoahidi. Mama anaeleza udongo unavyochimbwa, neno moja moja, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mwishoni anauliza, "Nimesema vizuri, mwalimu?" Mama yangu ananiita mwalimu. Na mimi nasikika nikijibu, "Rudia."

Nilirudi kwa fundi. Alijaribu kutwa nzima, kisha akasema, "Pole, babu," na safari hii hakucheka.

Tangu siku hiyo nawaza jinsi mama alivyokuwa akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kilicholia vizuri kilikwenda sokoni Lyulilo. Kilichotoa sauti ya ufa hakukivunja, alikibakiza nyumbani. Mbegu za mpunga, majivu, mayai ya kuku wake, vyote vilikaa humo. Sijui kwa nini mimi, mwanawe, sikujifunza hilo.

Msalimie shemeji. Msalimie shangazi yetu wa Ndandalo, umwambie dawa ya macho aliyoniagizia naitumia. Binamu yetu fundi mwashi mwambie kaburi la mama asilipambe sana. Nitakuja siku hiyo, nami nitawaeleza ndugu jambo hili kwa kinywa changu. Usinitetee.

Nina ombi moja. Ulikuwa ukimwigiza mama akipatana bei mpaka yeye mwenyewe anafuta machozi kwa kucheka, nami nilikuwa nakukemea kwamba unamkosea adabu mzazi. Simama uani pale alipokuwa akikaa, umwigize, unirekodie kwa simu yako. Kuku usiwafukuze. Mtu akipita akikusalimu, mwitikie.

Na ukikosea, usirudie.

Ni mimi kaka yako,
Ambwene