Kijiti cha Sokwe na Karatasi Niliyosomeshwa

Mamba,
S.L.P. 118,
Moshi.

14 Septemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Aikaeli,

Shikamoo. Habari za huko ziwani? Na Mama Mdogo Bernadetha, miguu yake imepungua kuvimba? Tangu ulipopiga simu mwezi wa saba ukiwa Kigoma mjini hatujasikia sauti yako, na tumeshajua kwamba ukirudi msituni simu nayo inalala. Sisi huku tu wazima wa kutosha. Kahawa inaiva kidogo kidogo na baridi imeanza kutuachia.

Mama bado mkono na mguu wa kushoto havimtii. Anakula mtori wa ndizi nikimlisha, na mwanangu Jesse akimwimbia anacheka, lakini maneno yanamtoka nusu nusu, na mwenye kumwelewa vizuri ni mimi peke yangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu najua ukifika katikati ya barua utasema, "Toka hapo, mwanangu, uje Kigoma." Siwezi kutoka.

Ningekupigia simu, ila ningelia kabla sijasema. Baba Mdogo, nimekuita mwongo mbele ya watu. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka Krismasi iliyopita ulivyotusimulia jikoni habari za yule sokwe jike ambaye wewe na watafiti mnamwita Mama Sindi? Ulisema anavunja kijiti, anakipukuchua majani, anakipima kwa jicho, na kikiwa kinene anakitupa anatafuta kingine. Kisha anakichomeka kwenye tundu la mti, anasubiri, anakitoa kimejaa wadudu chungu na kuwala. Ukasema mwanawe alikaa kando yake akimtazama, akijaribu na kukosa, miaka na miaka, mpaka siku moja naye akaweza. Nilikuuliza kama uliona mwenyewe au ulisikia. Ukanijibu, "Miaka ishirini na sita nawafuata hawa. Nisikie kwa nani?"

Mwezi wa nane nilifika kwenye mada ya mageuzi kidato cha nne. Kitabu kimeandika mistari michache mikavu, watoto wakaanza kusinzia. Basi nikawasimulia habari za Mama Sindi, nikawaambia mwenye kuona ni baba yangu mdogo. Darasa zima liliamka. Kuna binti anaitwa Victoria, mwenye akili kuliko wote, akasimama: "Mwalimu, kwa hiyo babu yangu alikuwa sokwe?" Nikamwambia hapana, wanasayansi hawasemi mtu alitoka kwa sokwe wa leo. Wanasema sisi na wao tumetoka katika ukoo mmoja wa zamani sana, kama matawi mawili ya shina moja. Nikaongeza kwamba ujuzi wa kutengeneza kifaa na kumrithisha mtoto ni moja ya mambo yanayowafanya wafikiri hivyo, ingawa si ushahidi pekee. Watoto wakabishana mpaka kengele ikalia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Mama aanguke.

Haikupita wiki. Wazazi watatu wa bodi walifika ofisini wakasema nafundisha kwamba Mungu hayupo. Mwenye shule akataka niondolewe siku hiyo hiyo. Unajua, Baba Mdogo, Jesse na Grace wanasoma pale bure kwa sababu mimi ni mwalimu, na kutoka shuleni mpaka kitandani kwa Mama ni mwendo wa dakika kumi. Shule nyingine ya kunichukua iko Himo au Moshi mjini, na nani atamgeuza Mama mchana?

Mkuu wa shule, Mwalimu Davis, aliniita akafunga mlango. Yeye mwenyewe alifundisha baiolojia zamani. Akanisogezea karatasi iliyopigwa chapa, niisome kwenye mkutano wa wazazi Jumamosi. Iliandikwa kwamba habari za sokwe kutengeneza vijiti si za kweli, kwamba nilizipata kwa ndugu yangu asiye na elimu, naye alinidanganya.

Nikamuuliza, "Mwalimu, na mada yenyewe niiache?"

Akasema, "Usiiache! Mtihani wa Novemba utauliza. Utafundisha kama kitabu kilivyo, ila mkutanoni utasoma hii."

"Na wewe unaamini kipi?"

Akatazama dirishani. "Mimi naamini nimebakiza miaka minne nistaafu."

Nyuma ya ile karatasi rasimu yake ilikuwa bado imebanwa, nadhani alisahau kuitoa. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizolala upande. Nikautambua mwandiko. Ndio ule ulioandika jina langu kwenye Biblia yangu ya kipaimara. Ilikuwa imeandikwa na Baba.

Nilimkuta bandani akimkatia ng'ombe mgomba. Sikumwamkia. Nikamwonyesha tu. Alinawa mikono kwanza, polepole, kisha akasema, "Walitaka ufukuzwe. Nami ni mjumbe wa bodi, nikaenda kuwaomba wenzangu. Wakasema watakuacha ukikana, nami nikaandika la kukana. Ulitaka nifanyeje?"

"Baba, umemwita ndugu yako mwongo."

"Kijiti! Hata kunguru huokota kijiti akajenga. Akili ya mtu ni kumjua Muumba wake, si kula chungu."

"Sokwe hazaliwi akijua, Baba. Anajifunza kwa mama yake, kama mimi nilivyojifunza kwa Mama kuvuna kahawa."

"Kwa hiyo Jesse wako na mtoto wa sokwe ni mamoja?"

"Sijasema hivyo. Naweza kumwamini Mungu na nikaamini alichokiona Baba Mdogo kwa macho yake."

Akamsogezea ng'ombe mgomba. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kunibembeleza nilipokuwa mdogo, "Soma tu, mama. Maneno hupita. Mama yako akibaki bila wewe atakufa." Hapo nikaichukua ile karatasi, maana alikuwa amesema kweli, na alikuwa amefanya yote hayo kwa kunipenda. Angekuwa ni adui ningejua pa kumshika.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wazazi karibu mia mbili. Baba alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Nilisoma vizuri mpaka nilipofika kwako. Hapo nikaacha kusoma. Mwalimu Davis akasema, "Endelea, mwalimu." Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasoma sentensi yako yote, neno kwa neno, nikatia sahihi mezani. Wakapiga makofi. Baba hakupiga.

Njiani tulipandisha pamoja mpaka tukavuka mfereji. Ndipo aliposema, "Aikaeli sijawahi kumjua kuwa mwongo. Hata utotoni, alikubali kuchapwa kuliko kudanganya."

Nikamwuliza, "Utasimama useme hivyo mbele yao?"

Alizidi kupanda. Sikumwuliza tena.

Jumatatu karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa imebandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya walimu. Kila asubuhi napita mbele yake nikienda kusaini kitabu cha mahudhurio. Mwalimu wa taaluma, Priska, siku hizi anakaa nyuma ya darasa langu na daftari. Jumatatu hiyo Victoria aliuliza, "Mwalimu, kwenye mtihani tujibu lipi?" Nikasema, la kitabuni. Akauliza, "Na la kweli ni lipi?" Nikamwambia akae. Alikaa, lakini nikaona jinsi alivyoacha kunitazama.

Siku tatu sikulala vizuri. Alhamisi niliingia, Priska akiwa pale pale, nikasema kabla ya somo: "Victoria, uliniuliza swali. Baba yangu mdogo si mwongo. Alichokisimulia alikiona. Mimi ndiye niliyesema uongo, Jumamosi, kwa kuogopa." Watoto wote thelathini na wanane walisikia. Nikasikia Priska akifunga daftari lake. Baada ya kipindi alinipita mlangoni akasema tu, "Sikuandika." Hajasema tena, wala mimi sijathubutu kumshukuru, tusije tukasikika.

Kwa hiyo nimebaki shuleni, Baba Mdogo. Karatasi bado iko ubaoni, bodi imeridhika, watoto wangu wanasoma na Mama anageuzwa saa nne na saa nane. Mtoto mmoja akilisema nyumbani, yote yataanza upya, nami ninasikiliza kila mlango ukigongwa. Sikuombi useme umenisamehe. Nilitaka tu usilisikie jambo hili kwa mtu mwingine.

Jesse na Grace wanakuamkia. Mama nilipomtajia jina lako alinishika kidole, basi hizo ndizo salamu zake. Nisalimie Mama Mdogo na wenzako wote wa msituni.

Leo baada ya ibada nilimwambia Baba kwamba nakuandikia, kama ana neno. Akasema, "Msalimie." Nikawa naondoka, akaniita. "Mwambie Desemba aje. Sehemu yake ya nyama ya mbuzi wa Krismasi iko pale pale, sijampa mtu." Kisha akaniuliza kama nimepiga pasi suti yake, maana kesho ana kikao cha bodi.

Mungu akutangulie kila unapoingia msituni na akutoe salama.

Wako akupendaye, binti yako,

Ndeshukurwa