Sentensi Ambayo Mama Aliniambia Niifute

Talisay, Cebu
Jumamosi mchana

Kaka Dulo mpendwa,

Kabla ya salamu nianze na hili, kwa sababu nikichelewa nitaogopa: kuna jambo nimelifanya ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza. Najua bado hujawa padri na haya si maungamo, lakini huko seminarini hamruhusiwi simu, kwa hiyo huwezi kunikatiza.

Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi huku ni wazima. Baba bado anatengeneza friji za watu barazani, na anasema ukija Krismasi utalala katikati ya friji mbili. Mimi mtihani wa historia nimefaulu. Mama ndiye hayuko sawa, na habari yake ni ndefu kidogo.

Unajua ile kampuni ya bima anakofanya kazi, inayowalipa watu walioharibikiwa nyumba na tufani. Mwaka huu imenunuliwa na watu wa Manila, nao wakamleta mkurugenzi kijana, Bwana Lacsamana. Tangu aje, pale ofisini hakuna shida tena, kuna changamoto. Wateja wamekuwa wadau. Paa lilipovuja juu ya mafaili, aliwaambia wafanyakazi kwamba hiyo ni fursa ya kuutazama upya mchakato wa utunzaji wa kumbukumbu. Ninang Pacing, mama yangu wa ubatizo, ambaye meza yake iko karibu na ya Mama, akamwuliza fursa hiyo waikinge kwa ndoo au kwa beseni. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kila Ijumaa Ninang alikuwa akipita kwetu na budbud zake, vile vitafunio vya wali wa nazi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, anamwita Mama, "Haya, Soling, njoo tujengeane uwezo," nao wanakula huku wanamwigiza bosi wao.

Mwezi Juni kila mkuu wa idara alitakiwa kujaza fomu ya kujitathmini. Mama aliandika ukweli wake: anakagua madai, anakwenda kuziona nyumba zenyewe kwa macho yake, na wenzake wanane wakikwama wanamwuliza yeye. Fomu ikarudishwa ikiwa na maandishi mekundu, kwamba haionyeshi uongozi wa kimageuzi, iandikwe upya. Miaka kumi na tisa kazini, Kaka, na Mama aliaibika kama mtoto aliyetupiwa daftari. Alikuja chumbani kwangu akasema, "Inday, binti yangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hebu nitafutie hayo maneno yao."

Nilikisoma kijitabu cha kampuni siku mbili. Naona aibu kusema, lakini nilifurahia. Wewe unajua darasani sifungui mdomo, ila yale maneno yalikuwa yananitii. Niliandika kurasa tatu za tija, ubunifu na uendelevu, na katikati nikaweka sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Nimejenga timu inayojisimamia, isiyonitegemea tena, nami niko tayari kwa fursa zilizo nje ya nafasi hii."

Nilipomsomea Mama, alicheka tangu mwanzo mpaka nilipoifikia hiyo. Aliniambia niifute, kwa kuwa si kweli. Alisema Pacing mwenyewe mpaka leo anachanganya nyumba iliyobomolewa na upepo na iliyobomolewa na maji, na mtu anaweza kukosa haki yake hivihivi. Nikasema sawa, Mama.

Wiki iliyopita Bwana Lacsamana alimwita, akampongeza, akampa mkono. Akamwambia kwamba kwa kuwa idara imethibitika kujisimamia, kuanzia mwisho wa mwezi haitahitaji mkuu, na kampuni inamtakia heri katika safari yake mpya ya ukuaji. Mama alichukua muda kuelewa kwamba anafukuzwa. Alipouliza nani kathibitisha, alijibiwa kuwa taarifa imetoka ndani ya idara yenyewe. Akakumbuka kwamba siku mbili kabla, Ninang Pacing aliitwa kwa mkurugenzi, mlango ukafungwa.

Walikutana getini, watu wanatoka kazini. Mama akamwambia, "Umenilisha budbud miaka yote, kumbe unakipima kiti changu!" Ninang akajibu kwamba kiti chenyewe kina mguu mbovu, akitake cha nini. Safari hii hakuna aliyecheka. Jana ilikuwa Ijumaa, na Ninang hakuja.

Kaka, sikuifuta. Nilirudi mezani, nikaisoma tena, nikaiona nzuri mno, nikaiacha. Nikamwambia Mama nimeitoa. Akasaini ukurasa wa mwisho bila kurudia kusoma, kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Ninang alisema aliitwa kwa ajili ya likizo yake tu, na Mama hakumwamini. Hakusema neno lolote juu ya Mama, na Mama anamchukia kwa kosa langu.

Nilitaka kukuuliza nifanye nini. Nilipofika hapa nikaona nakuuliza jambo ambalo jibu lake ninalo, nikaiacha kalamu.

Sasa ni jioni. Nilimkuta Mama jikoni anapara samaki, nikamwambia yote. Hakunipiga. Alinitaka niirudie ile sentensi, nikairudia. Akanawa mikono, akasema twende. Mlangoni kwa Ninang Mama alishindwa kuanza, kwa hiyo nilianza mimi: "Ninang, si wewe. Niliandika mimi, Mama akanikataza, nikamdanganya." Sauti ilikuwa ndogo, Ninang akaniambia nirudie, nikarudia. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akasema mimi atanishughulikia Jumapili baada ya misa, na Jumatatu nitakwenda nao wawili kwa Bwana Lacsamana nikayaseme hayohayo, hata kama hayatamrudishia Mama kazi. Kisha akamwambia Mama, "Wewe ingia." Mimi sikuambiwa niingie. Nikarudi nyumbani peke yangu, nikamalizia kupara samaki.

Baba anakusalimu, na Mama angekusalimu kama angekuwa amesharudi. Utuombee.

Mdogo wako,
Perlita