Alama za Nkwimba

Ilembo, Mpanda
Jumapili mchana

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute kifua kimepona, na goti la mama limempa nafuu ya kutoka hata uani. Mimi mwili ni mzima. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini naongea kama mtu aliyefiwa, nikasingizia mtandao. Nilikudanganya, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unajua hapa chuoni nawafundisha mwaka wa kwanza wa sayansi hisabati na takwimu. Wengi wamekuja na kanuni walizokariri bila kuambiwa ni za nini. Wape namba watafute wastani, watakokotoa upesi. Waulize huo wastani unasema nini, wanainamisha vichwa.

Mmoja wao alikuwa Nkwimba, binti wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia Ugalla na ng'ombe wake. Jaribio la kwanza alipata kumi na moja kwa mia. Alinifuata ofisini akasema, "Mwalimu, mimi siogopi kuchekwa. Nianzishie pale nilipopotelea." Tukaanzia kwenye sehemu, hesabu za shule ya msingi, kila Jumatano baada ya kipindi, muhula mzima. Siku alipoelewa mtawanyiko alinieleza kwa ng'ombe wawili wenye wastani mmoja wa maziwa: mmoja hutoa kile kile kila siku, mwingine leo ndoo, kesho kikombe. "Huyo wa pili, mwenye mtoto mdogo hawezi kumtegemea," alisema. Siku ile niliiona kazi yangu ina maana.

Mtihani wa mwisho akapata themanini na nne.

Mkuu wa idara akaniita. "Kutoka kumi na moja hadi themanini na nne? Huyu kaiba."

Nikamweleza habari za Jumatano. Akatabasamu. "Hizo Jumatano zenu nyie wawili, mimi ningekuwa wewe nisingezitaja kikaoni."

Nikaelewa anakoelekea, dada, na nikaogopa. Mkataba wangu ulikuwa mezani kwake ukingoja sahihi.

Kwenye kikao cha idara cha kumjadili, walimu walimpa Nkwimba swali jipya. Akalifanya ubaoni mbele yetu, akapata. Mkuu wa idara akasema ni bahati tu. Kisha akafungua kitini cha somo nilichokiandika mwenyewe, akasoma kwa sauti kwamba namba iliyo mbali sana na wenzake itiliwe shaka. "Si ndivyo unavyowafundisha?"

Nikasema ndiyo. Pale chini upo mstari mwingine, kwamba ichunguzwe kabla ya kutupwa, maana huenda ndiyo yenye habari. Sikuusema. Wakafuta mtihani wake, nami nikatia sahihi pamoja nao. Kesho yake alifungasha akaondoka.

Mkataba nilipewa wiki hiyo hiyo. Niliuweka kabatini nikashindwa hata kula. Mwishowe nikamwandikia mkuu wa chuo kila kitu, pamoja na hizo Jumatano. Jibu likaja kwamba msichana aruhusiwe kurudia mtihani. Nikapanda pikipiki hadi Ugalla kumpelekea habari, na njiani, sikufichi, nilijiona mtu mwema.

Baba yake alinipa kigoda, akanishukuru hata kabla sijasema lililonileta. Nkwimba alisikiliza akiwa amesimama.

"Kurudia ni kwa aliyekosa," akasema. "Mimi nilikosa nini, mwalimu?"

Nikamwambia hakukosa kitu.

"Pale ubaoni nilikugeukia. Ulijua nimepata."

"Nilijua."

"Basi sirudi."

Mzee akamwuliza jambo kwa Kisukuma. Akamjibu taratibu, kwa kirefu, bila kunitazama. Alipomaliza, mzee hakunishukuru tena. Aliniambia tu kwamba njia ya kurudi mjini ni ndefu, niwahi.

Barua hii usimsomee mama. Mwambie nimeongezewa mkataba, atafurahi, na mwache afurahi.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, shangazi wa pale jirani anayemletea mama uji, na wajomba wote wa shambani. Wanao waambie mjomba wao anawakumbuka. Wakikuuliza nafundisha nini, waambie hesabu.

Mdogo wako,
Hamisi