Ngoro Kwenye Udongo Usiokunywa Maji

Morogoro, bondeni chini ya Kinole
Mwezi wa tisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya mjukuu wako Tekla, ambaye siku hizi anasema "kamoo" na anaamkia kila kitu mpaka kuku. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia au umeiweka tu dirishani wageni waione? Kahawa mmeshamaliza kuchuma? Sisi huku ni wazima kabisa. Nimenenepa, Mama. Edita, mdogo wangu, hapo usiruke, msomee Mama kama dada yako alivyoandika: nimenenepa.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya huko unaijua, mpaka mtu apande kwenye mwinuko wa kanisani, na wewe una goti. Halafu nikikupigia unasema "haya, haya, haya," unakata kabla sijafika popote. Barua huwezi kuikata.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nirudi. Umesema shamba la juu ya kisima bado lipo, na kwamba mtu mwenye akili timamu haishi mahali ambapo maharage yanaoza ardhini. Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Jibu langu liko mwisho wa barua hii. Edita akitaka kuruka aende huko kabla hujasikia habari za huu udongo wenyewe, mnyang'anye karatasi.

Ukisimama mlangoni kwetu unaiona Milima ya Uluguru, kijani mpaka inapoingia mawinguni. Huko juu Kinole ni kama nyumbani Mbinga: miteremko, udongo mwekundu, mvua inanyesha asubuhi na mchana unalima. Wana migomba, mdalasini, mananasi, karafuu. Nilipofika mara ya kwanza nilijisemea, Otilia, hapa umefika. Kumbe ukoo wa mume wangu Deusi wamebanana huko juu, kila kiraka kina mwenyewe. Sisi tukapewa huku chini kando ya kijito, kwenye kipande tambarare kilichoinuka kidogo tu kutoka kwenye maji. Kijito kikijaa sana kinakipitia, kikipungua kinakiachia tope lake.

Kwa hawa watu ardhi hufuata upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Huyu mjomba wa Deusi, kaka yake mama mkwe, ni mzee wa kunung'unika, lakini hana roho mbaya. Alitusimamisha pale uwanjani akasema: "Wafyatua matofali wananisumbua juu ya kipande hiki. Udongo wake wanautamani. Nitawazuia mwaka huu mmoja. Mkikila kikawashibisha, kaeni. Msipokila, nawaachia wachimbe."

Unajua wakishachimba matofali inakuwaje, Mama. Shamba linaisha, linabaki dimbwi la kufugia mbu. Na mume wangu ni fundi mwashi! Hao wafyatua matofali ndio marafiki zake, anakunywa nao kahawa kila jioni. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa na upinzani.

Sasa udongo. Ukiwa mkavu ni jiwe, jembe linaruka linakurudia usoni. Unapasuka nyufa hizo, Tekla alidumbukiza upawa wangu kwenye ufa mmoja na mpaka leo sijauona. Ukilowa unanata, unainua mguu na ndala inabaki chini. Kati ya ukavu na utope kuna siku chache sana ambazo unakubali jembe, ukizikosa basi, subiri. Mimi nilizipata siku zile kabla ya masika, na ndiyo ilikuwa balaa yangu.

Kwa sababu nilifanya nini? Nilichimba ngoro.

Usinitazame hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha, na ulinifundisha vizuri. Nilimtuma Deusi akate nyasi, kwa kuwa kwetu hiyo ni kazi ya mwanaume, nikamwambia azilaze kwa mistari inayokatana, viboksi viboksi. Mtu wa kamba na pimamaji, nikadhani atanyoosha. Mama, alilaza kama mlevi anayetandika kitanda! Nikazinyoosha mwenyewe. Nikachimba katikati ya kila kiboksi, nikazifukia nyasi kwa ule udongo, yakabaki matuta yamezunguka mashimo kama unavyotaka wewe. Nikapanda maharage juu ya matuta. Watu wanaopita njiani wanasimama wanauliza kama tunazika kitu.

Mama mkwe akashuka kutoka mlimani na ungo wake kichwani, akasimama akaangalia kwa muda.

"Mama Tekla, unachimba nini?"

"Ngoro, mama. Kwetu tunayazuia maji yasikimbie na udongo."

Akatazama upande huu, akatazama upande ule, pale palivyo tambarare. "Yakimbilie wapi?"

Nikacheka. Haki ya nani nilidhani ananitania. Kwa sisi tuliozaliwa Umatengoni, maji ni mwizi, ukiyaachia njia yanaondoka na shamba. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mahali maji yenyewe hayataki kuondoka.

Masika yalipoanza nilielewa. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha, na kila shimo likajaa mpaka mdomoni. Nilisubiri yanywee. Kwetu ukienda kesho yake yamenywea. Huku nilienda kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata, maji yako palepale yananiangalia, juu yana utando wa rangi ya kutu. Vyura wakahamia na jamaa zao wote, usiku hatulali. Maharage yakawa njano, nikivuta moja linatoka lote na mzizi mweusi unaonuka. Ndiyo siku ile niliyokupigia nikakwambia yameoza, ukasema "haya, haya," ukakata.

Nilikaa kwenye tuta nikalia. Sikulia kwa ajili ya maharage, niliona wale mafundi wa matofali wakipita barabarani wanatazama dimbwi langu na kutikisa vichwa kwa huruma, na nikajua kipande kimeondoka. Deusi alianza kucheka, aliponiona uso akaacha. Akavua viatu akaingia kwenye tope akakaa na mimi. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Mama mkwe akashuka tena, safari hii na koleo. Hakusema "nilikwambia," na hilo nalo nimeliweka moyoni. Alichimbua tonge chini ya shimo akalivunja mbele yangu. Juu lilikuwa jeusi, ndani kijivu kama jivu la jikoni, limejaa madoa ya kutu kama sufuria kuukuu. "Ukiona kutu hii," akasema, "ujue maji yanakaa hapa kila mwaka. Sisi ndio wageni wake. Huku nyanya na maharage ni vya kiangazi, wala usibishe. Masika ni mpunga."

"Mimi mpunga sijawahi kulima, mama."

"Na mimi sijawahi kuchimba makaburi ya panya. Shika jembe."

Tukabomoa matuta, tukasawazisha, tukakata mfereji mmoja wa kuingia kijitoni ili maji yakizidi yapate mlango. Alikuwa na miche ya mpunga iliyobaki kitaluni kwake, tukaipandikiza tumeinama siku nzima, maji magotini. Mgongo wangu ulikuwa unaongea peke yake. Lakini mistari miwili ya ngoro, ile ya upande wa kijito, ilitushinda. Pale tope ni zito mno, koleo likizama halitoki. Mama mkwe akasema tuiache, akaenda kuchomoa vichipukizi vya magimbi kwenye kijito chake akavichomeka mle mashimoni, kimoja kimoja, ili mradi tu pasikae bure. Mimi nilishachoka hata sikumwangalia.

Mpunga tulivuna. Siwezi kukudanganya, ulichelewa kupandwa, na ndege walikula pamoja nasi japokuwa nilikuwa naamia na debe mpaka sauti ikakauka. Tumepata wa kula mpaka karibu na Krismasi. Wali wa shamba langu mwenyewe, Mama! Nililia tena, Deusi akasema nyumba hii hata ikipata heri inalowana. Lakini Mjomba alikuja akapima kwa macho, akanung'unika: "Mmekila nusu." Akasema atarudi kiangazi.

Na kiangazi kikaja kikakausha. Udongo ukarudi kuwa jiwe, ukapasuka, mabua ya mpunga yamesimama makavu. Asubuhi moja namwona Mjomba anakuja, na nyuma yake wafyatua matofali wawili na kamba ya kupimia. Nilimbeba Tekla nikawafuata bila hata kujifunga kanga vizuri.

Wakapima juu, wakapima katikati, wanaongea mambo ya tanuri litakaa wapi. Wakashuka mpaka kando ya kijito, Mjomba akasimama.

Mama, nilikuwa napita pale kuchota maji kila siku na sijatazama kwa akili. Shamba zima kijivu, limepasuka, lakini ile mistari miwili ilikuwa kijani, majani ya magimbi mapana Tekla anajificha chini yake asionekane. Mjomba akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo, akautoa na udongo mweusi umelowa. Zile nyasi alizolaza Deusi zilikuwa zimeoza zote mle kwenye matuta, na shimo lilishika maji ya masika mpaka sasa.

"Magimbi ya huko mtoni yameshanyauka," akasema. "Haya vipi?"

Nikamwambia ni ngoro, mashimo ya kwetu, yalitushinda kuyafukia.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

Akang'oa gimbi moja, kubwa hivyo, akanipa, akakaa kivulini mwa nyumba akasubiri. Nikajua kazi yangu. Nililichemsha, nikaunga nazi na chumvi, nikamwekea na chai ya mdalasini. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Wafyatua matofali nao wakala, na Deusi akala pembeni yao, anaangalia chini, hajui aombee upande gani.

Halafu Mjomba akawageukia wale wawili. "Kunjeni kamba yenu."

"Lakini, Mjomba, sisi tulishaambiwa..."

"Udongo wa mfinyanzi upo mpaka Ngerengere. Nendeni mkachague."

Deusi akapiga makofi kwa furaha kubwa kuliko yangu. Kumbe alikuwa upande wangu muda wote, mnafiki yule! Na tayari wifi yangu Salome na majirani wameshaniomba, kabla masika hayajafika nikawachimbie mstari mmoja mmoja upande wa mtoni. Juu mpunga, chini kabisa ngoro za magimbi, na maharage kiangazi kandokando ya mfereji. Nimejipangia hivyo.

Kabla hajaondoka Mjomba aliniuliza swali lingine. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, ila goti linamsumbua."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lako. Akaeleza kwamba wao kiraka hukiita kwa jina la mama aliyekianzisha, ndivyo wanavyojua nani ni wa wapi. Nikamwambia, basi Mjomba, si nimeanzisha mimi? Akasema hapana, wewe umefundishwa. Akaondoka zake ananung'unika juu ya jua. Kesho yake nikamsikia wifi anamwelekeza mtu njiani: "Nyoosha mpaka kwa Konsolata, halafu kata kulia."

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Mama. Sirudi. Shamba la juu ya kisima mpe Edita, na Edita asome hapa kwa sauti kubwa asijifanye ana mafua.

Wewe ndiye uje. Uje kabla ya masika, siku zile chache udongo unapokubali jembe. Deusi atakupokea stendi ya Msamvu, na goti lako tutalipandisha bodaboda taratibu. Mama mkwe anakusubiri kwa hamu, anasema anataka kumwona mwanamke anayeyaogopa maji kiasi hicho. Mbegu ya maharage usilete.

Nisalimie baba mdogo mwenye mashine ya kusaga, na shangazi anayeongoza kwaya, mwambie sauti bado ninayo ila ndege wamekula nusu. Nisalimie mama wa ubatizo, na majirani wote wa kisimani. Bibi mzaa baba mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Tekla anasema kamoo.

Nikiwa na tope mpaka magotini na furaha mpaka hapa shingoni,

mwanao Otilia,
kwa Konsolata, Morogoro.