Mama Hodi, Uliyesikika Kuanzia Ngazini

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka na Baba akajifungia ndani. Leo tuna habari za kukupa.

Kwanza, sufuria zako bado zina weusi chini. Hatujazisugua. Mtaa mzima ulijua kwamba simu yako ikilia, jikoni kuna kitu kinaungua, maana mama fulani mtoto wake anaumwa, mwingine mumewe haonekani, nawe huna moyo wa kumkatiza mtu.

Mlifika hapa wakimbizi, wewe na Baba, na sisi wawili mkononi. Huko tulikotoka mlango uligongwa usiku, tukaondoka na nguo za mwilini. Ulianza kwa kuwakalimania wenzako kwenye foleni bila kutumwa na mtu, ukastaafu ukiwa mkuu wa ofisi ya huduma za familia. Tulijivunia, na bado tunajivunia.

Na miaka yote hiyo hukugonga mlango wa mtu. Ulianzia chini ya ngazi: "Hodi! Ni mimi, yule mnene wa ofisini, nimevaa gauni jekundu, nakuja peke yangu." Wenzako wakakupachika jina la Mama Hodi. Ulicheka nao, na hukuacha.

Mshonaji wa ghorofa ya tatu, mkimbizi kama sisi, hakumfungulia mtu yeyote, na wanawe hawakuonekana shuleni. Ofisi ikataka kuwachukua. "Nipeni muda," ukasema. "Huyo hana ubaya, ana hofu." Kila jioni ukawa unakaa kwenye ngazi zake, unamlalamikia magoti yako kupitia mlango, kisha unaaga. Mpaka siku moja sauti ikatoka ndani: "Na leo magoti yanaendeleaje?" Watoto wale walikulia kwa mama yao, naye ukamfanya mdogo wako.

Sasa sikia. Baba tukimgongea, alisema amelala. Chakula alikichukua tukishateremka. Tuliogopa kwamba tutampoteza na yeye. Juzi tulikuwa tumesimama nje ya mlango wake, tukasikia vishindo kutoka chini.

"Hodi, shemeji! Ni mimi mshonaji, nimevaa gauni la kijani. Nakuja peke yangu, na siku hizi magoti yananiuma mimi."

Kisha ufunguo ukazunguka.

"Karibu, shemeji," Baba akasema. "Pole na ngazi."

Walikaa mpaka chai ikapoa, wakikusema wewe. Jana na sisi tukaanza kuita tangu chini, akatufungulia. Amekonda, lakini anakula.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa. Mwanao dereva na mkewe, mkwe wako uliyemwita kwa utani mke wako mdogo. Binti yako muuguzi. Mdogo wako mshonaji. Na wajukuu zako, ambao sasa wanapiga hodi hata mlango wa chooni.

Tutakukumbuka siku zote, Mama. Mlango uko wazi.