Jina la Mama Kwenye Karatasi Kumi na Saba

Chamazi, Dar es Salaam,
Jumanne mchana

Mama yangu Elinipenda,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Yule kuku mweupe ameshatotoa au bado anakudanganya? Mie (ndiyo, nimeanza kusema "mie" kama watu wa hapa, cheka umalize) mwili hauna neno, nakula na kulala. Moyo ndio hauko sawa, na sitaki uje uyasikie kwa mtu mwingine.

Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua. Haya si mambo ya kupiga kelele mpaka jirani asikie ndipo nawe usikie. Nimekaa kibarazani kwa mama mwenye nyumba naandika, na kesho alfajiri nampa kondakta wa basi la Singida akuachie barua pale dukani njia panda.

Mama, naogopa. Keshokutwa Alhamisi, saa nne asubuhi, nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Wanasema niliwagawia wenzangu majibu ya mtihani. Nikishindwa kujitetea, wananifukuza. Usianze kulia, soma kwanza.

Lile somo la kuandika programu nilikueleza, kwamba unaiandikia kompyuta maagizo, mstari kwa mstari, ili ikufanyie kazi. Wiki za mwanzo sikuambulia kitu. Wenzangu wengi wamekua na kompyuta, mie kwenye kibodi nilikuwa natafuta herufi mojamoja kama natafuta chawa. Nikaona aibu. Basi nikafanya ulichonifundisha darasa la tatu: nakili kwenye daftari, soma kwa sauti, rudia mpaka kitoke bila kuangalia. Kila programu aliyoiandika Mwalimu Kombo ubaoni niliikariri mpaka nukta. Na ikasaidia, mama! Majaribio ya karatasi nikawa naongoza, wakaanza kuniita Madamu.

Sasa sikia balaa lilipoanzia. Kwenye programu, kila namba unayotaka kompyuta ikutunzie unaipa jina, kama tunavyoandika majina kwenye ndoo zetu bombani. Mwalimu alisema jina lolote tu, chagueni wenyewe. Tulipofika kwenye programu ya kutafuta wastani wa alama za darasa, nikaona hii ni kazi yako kabisa, miaka yote ile ya ualimu. Ile jumla ya alama nikaiita elinipenda. Nilikuwa nimekukumbuka, basi.

Kuna rafiki yangu anaitwa Zubeda, baba yake ana duka la vifaa vya shule lenye mashine ya fotokopi. Aliniomba daftari akajisomee. Kumbe katoa kopi, kagawia nusu ya darasa! Bure kabisa, kwa roho nzuri tu. Nilipomuuliza akanijibu, "Shosti, si nimewasaidia? Watu wanakufa na hili somo!"

Siku ya mtihani wa vitendo likaja swali la wastani lilelile, ila lilikuwa na kamkia mwishoni: wanafunzi ambao hawakufanya mtihani wasihesabiwe. Hako kamkia hatukukasoma. Hata mie, mama, Madamu mzima. Tulipoona tu neno wastani, vidole vikaanza kukimbia.

Ijumaa iliyopita Mwalimu Kombo akaingia na kazi zetu amezichapa, akapanga mezani karatasi kumi na saba. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Elinipenda ni nini?" akauliza.

Kaka mmoja wa mbele, mtu mzima mwenye mke na watoto, akanyoosha mkono. "Ni amri ya kujumlisha, Mwalimu."

"Amri ya kompyuta?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ukiikosea hata herufi, haijumlishi."

Na wengine wakaitikia kwa vichwa! Wamelikariri jina lako wakidhani limekuja na kompyuta. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Siku hiyo nilisimama nikasema, "Ni jina la mama yangu, Mwalimu."

"Kwa hiyo majibu haya ni yako."

"Ni yangu, ila..."

"Hiyo ila utawaeleza kamati."

Zubeda alikwenda mwenyewe ofisini kukiri habari ya kopi. Wakamwambia kopi ni kopi, wao wanataka kujua kama mle ndani ya chumba cha mtihani hakuna aliyepitisha majibu. Kwa hiyo Alhamisi nitakalishwa peke yangu mbele ya kompyuta, bila daftari, nipewe swali ambalo sijawahi kuliona. Nikiliweza, wataamini kazi ni yangu na wenzangu walikariri. Nikishindwa, mie ni mtu wa kuingiza majibu kwenye mtihani, nifungashe.

Na hapo ndipo panaponimaliza. Wizi sijafanya, Mungu anajua. Ila kama hili somo ninalijua kweli, mama, hilo sina hakika nalo.

Jumamosi Zubeda alinikalisha kwenye kompyuta ya dukani kwao, akanitungia swali dogo tu. Ukurasa mweupe. Nikautazama nusu saa nzima, sikuandika hata herufi. Nikalia mbele ya wateja. Jumapili baada ya ibada, vilevile. Nikakukasirikia, mama, nisamehe. Nikasema ni wewe uliyenifundisha kuimba masomo badala ya kufikiri.

Jana nikalirudia lile swali la mtihani lililotuponza. Nikajiuliza, mama angefanyaje? Nikakuona mezani na karatasi yako ya matokeo. Mtoto ambaye hakufanya mtihani ulimwekea kistari chekundu. Ukijumlisha, unashuka na kalamu, ukifika kwenye kistari unakifunika kwa kidole gumba, unaruka. Mwisho unahesabu waliobaki, unagawanya kwa hao tu. Nikaandika hivyohivyo, maagizo ya kidole chako, moja baada ya jingine. Kompyuta ikakataa mara mbili. Ya tatu ikatoa jibu, na Zubeda akapiga kigelegele duka zima likageuka. Kumbe ulinifundisha na kufikiri, mama. Nilikariri jina lako nikasahau kidole chako.

Lakini ni mara moja tu. Moja! Alhamisi swali ni jingine, na watu wazima watatu watakuwa wamenikodolea macho. Naogopa ule ukurasa mweupe kuliko ninavyowaogopa wao.

Wanakwaya usiwaambie kwanza, maana najua ulishawatangazia kwamba mwanao anaamrisha mashine. Mwombe mama mchungaji aniombee Alhamisi saa nne, asiulize kwa nini. Nisalimie bibi, umwambie shali yake ninayo. Baba mdogo aliyenibebea begi mpaka stendi mpe shikamoo yangu. Na mdogo wangu Yohana mwambie akisoma swali alisome mpaka mwisho, hata kamkia.

Wakinifukuza, Ijumaa alfajiri napanda basi. Jioni likifika njia panda uwe umekaa barazani, uliangalie. Likisimama, toka unipokee begi, na usiniulize kitu mpaka nimekula. Likipita moja kwa moja bila kusimama, mama, kitazame hicho kidole chako gumba, ujue kimefika Dar es Salaam.

Mwanao anayetetemeka,
Naomi