Jibu Nililompa Daktari Kuhusu Kinena

Mjukuu wangu Mutua,

Huku Kitengela tuko salama. Unauliza, kabla ya upasuaji wako wa matundu madogo, kama henia, yaani ngiri, ya kinena hurudi. Yangu haijarudi miaka kumi na miwili sasa tangu nipasuliwe, lakini maumivu yalidumu mwaka mzima. Daktari aliyenipasua aliponipigia simu mwaka huo kuuliza hali yangu, nilijibu, "Niko sawa kabisa!" Nyanya yako alikuwa kando, nami niliona aibu kutaja kinena. Nilipokata simu akacheka: "Haki wewe mzee! Na huo mguu unaburuta ni wa nani?"

Daktari akaandika kwamba nimepona. Ahadi anazokupa daktari wako leo zimejengwa juu ya majibu kama hayo. Fanyiwa upasuaji. Akikupigia, mwambie inapouma, hata mkeo akiwa anasikia.

Babu yako, Kitengela